Mota Isiyojua Juu wala Chini

Ninyi mnaosuka upya nyaya za mota leo Tarime mjini, wenye spana zinazong'aa na simu inayowaonyesha kila kitu, hebu kaeni kidogo. Nimeacha kazi kwa sababu macho yangu hayaoni tena waya mwembamba wa shaba. Mdomo haujastaafu. Wachimbaji waliniita Mama Mota, wengine kwa heshima na wengine kwa utani, lakini mashine zao zilipogoma wote waliniamkia vizuri.

Kuna mteja ambaye hamtamkosa. Atakuja na mota ya fezi tatu nyuma ya pikipiki, imefungwa kwa mpira, ameipata anakojua mwenyewe. Mwulizeni umeme wa kwake ni wa namna gani. Atajibu, "Wa kawaida." Maana yake ana fezi moja na nyutro, umeme wa taa na redio, na anataka mota ile imsagie mawe ya dhahabu. Hapo kazi yenu inaanza, na hapo pia muanze kuogopa kidogo.

Mota ya fezi tatu ukiipa fezi moja haizunguki. Inaguna. Inatetemeka pale pale, inapata joto, na ukiiacha itaungua hadi harufu ya vanishi ijae duka zima. Baba yangu, Mzee Athumani, alijifunza kazi kwenye mitambo ya mkonge Tanga kabla ya kuhamia huku na sanduku lake la vifaa. Alikuwa ananisimamisha karibu na mota inayoguna na kuniambia nisikilize. "Inataka kwenda," alisema, "ila haijaambiwa wapi." Kisha anaviringisha kamba kwenye shafti, anavuta kwa nguvu, na mota inaondoka kwa fezi ile ile moja iliyokuwa inaigunisha. Siku nyingine anavuta kwa upande wa pili, nayo inakwenda upande wa pili bila kusita. Nilikuwa msichana na jambo hilo lilininyima raha. Kitu chenye nguvu za kuvunja mkono wa mtu, na hakina habari kinakwenda wapi.

Siku hizi mnafunga inveta, mnabonyeza, fezi tatu zinatoka safi, mnakunywa chai. Sisi tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni hiyo ya kamba. Ya pili ni kapasita: unaweka kitufe, mtu anabonyeza, kapasita inaidanganya mota kwamba kuna fezi nyingine, ikishachanganya anaachia. Ya tatu ilikuwa kipenzi cha baba. Unaweka mota kubwa pembeni, haivuti kitu chochote, inazunguka tu peke yake, na kutoka kwenye mguu wake wa tatu, ule waya usiounganishwa na nguzo ya umeme, unapata fezi ya tatu ya kulisha mashine nyingine. Wateja hawakuipenda. Walisema hawawezi kukaa chumba kimoja na mashine inayofanya kazi bila kazi. Na mguu ule usiounganishwa uheshimuni sana. Fundi mmoja wa Mugumu aliushika akiamini kwamba waya usiotoka popote hauna kitu. Alirushwa hadi kwenye magunia ya mahindi, na alipozinduka aliuliza nani amempiga.

Kule Nyarero nilimfungia mzee mmoja mashine ya kusaga kwa njia ya kapasita. Kitufe kilipoharibika, yeye hakuniita, alirudia kamba. Akavuta upande usio wake. Mashine ikazunguka vizuri, kelele ile ile, lakini unga hautoki, feni yake inavuta badala ya kusukuma. Kabla sijafika alikuwa ameshagombana na jirani, amemtuhumu kwa mambo mazito, na wanawake wamebeba mahindi yao kupeleka kwingine. Nilivuta kamba upande wa pili na unga ukamwagika miguuni pake. Hakunishukuru hata kidogo. Alikuwa anawaza jinsi ya kwenda kwa jirani kuomba radhi.

Nimetaja mashine ya Nyarero kwa sababu balaa la Nyakunguru lilizaliwa pale.

Ilikuwa miaka ya rashi ya dhahabu. Watu wamemiminika toka kila upande, na vilima vyote vya Nyakunguru na Kewanja vimejaa maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo yanayokwenda chini mpaka jua linasahaulika. Mwenye duara mmoja, Mzee Nyamhanga, alichoka kuvutisha mawe kwa mikono. Alimtuma Marwa, msimamizi wake, mtu mwerevu kwelikweli, akaitazame mashine ya Nyarero. Marwa aliitazama, akakariri kila waya, akarudi akafunga vile vile kwenye winchi. Gogo la kuviringia kamba, mkanda, mota ya fezi tatu, kitufe cha kapasita, na taa ndogo juu ya swichi ya kuonyesha kwamba mota ina umeme. Hakukosea waya hata mmoja. Ningempa kazi dukani kwangu.

Siku moja mama mtu mzima akaingia dukani, kanga imefungwa kifuani, vumbi la njia mpaka magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayezuia mashine kurudi nyuma?"

"Mashine gani, mama?"

"Winchi ya kwa Nyamhanga. Inarudisha vitu chini. Sasa wanaitumia kupandisha watu."

Jina lake Bhoke. Alikuwa anawauzia uji wachimbaji wa duara lile. Nilimpa kiti, akakataa kukaa. Mtoto wake wa kwanza, Wambura, aliangukiwa na mwamba humo ndani kabla winchi haijafungwa. Walichimba kumtafuta mpaka kuta zikaanza kumomonyoka, wakaacha. Chini kabisa pakajaa maji, na Wambura amebaki upande wa pili wa maji. Sasa mdogo wake, Mwita, anafanya kazi duara lile lile, na hataki kusikia habari ya kuacha.

"Anasema hawezi kumwacha kaka yake peke yake kule," Bhoke alisema. "Fundi, mmoja duara limekaa naye. Huyu namtaka."

Nilifunga duka nikaondoka naye.

Duara la Nyamhanga lilikuwa na mwiko. Mwanamke asivuke kamba iliyozungushwa kwa miti na kufungwa vitambaa, la sivyo dhahabu inajificha. Kwa hiyo mimi na Bhoke tulisimama nje ya kamba, winchi iko mbele yetu, karibu kiasi cha kuona grisi kwenye gia. Marwa akaja.

"Shikamoo mama fundi."

"Marahaba. Niambie inafanyaje."

Alitazama kwanza kama Nyamhanga anasikia. "Ikiwa tupu haina shida. Ikiwa inapandisha mawe, na umeme ukakatika kidogo tu, kama kukonyeza jicho, inarudi chini. Lakini hairudi kwa kuanguka, mama. Kuanguka nakujua. Hii inashuka kwa mwendo wake, pole pole, kama kuna mtu anaiendesha. Na mkono wangu haujagusa kitu."

"Na ninyi mnasemaje?"

"Wazee wanasema Wambura anataka mwenzake."

Aliyasema hayo mbele ya Bhoke. Bhoke hakutikisika.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa, na nilifurahi kuelewa, kama fundi yeyote anavyofurahi, furaha isiyo na adabu. Mashine ya kusaga haina mzigo wa kuivuta nyuma. Umeme ukikatika kidogo inaendelea kwa kasi yake, ukirudi inaikuta bado inaenda mbele. Winchi ina mzigo unaoning'inia. Umeme ukikatika, mzigo unavuta gogo nyuma, gogo linavuta mota nyuma, na umeme ukirudi unaikuta mota inazunguka kinyume. Basi inaendelea na kinyume, kwa nguvu zake zote. Haijui juu, haijui chini. Nilimwita Nyamhanga nikamweleza vivyo hivyo, nikamwambia dawa ipo: mota ya pembeni ya kutoa fezi ya tatu, ili upande wa kuzunguka usibadilike, na juu ya hapo breki ya meno kwenye gogo.

Alinisikiliza vizuri, mzee yule. "Basi ifunge hiyo."

"Nivuke kamba?"

"Hapo hapana, mama."

"Sasa nitaifungaje, nitaitupia spana kwa mbali?"

Wachimbaji wakacheka. Nyamhanga naye akatabasamu. Tulikuwa katikati ya ubishi huo wakati wingu lilipopanda kutoka upande wa ziwa. Mnajua mawingu yetu ya mchana. Jua linakuwa jeupe, ng'ombe wanaacha kula, na ghafla hakuna upepo. Bhoke aliangalia juu, kisha akaangalia mdomo wa duara.

"Mwita yuko wapi?"

Yuko chini, wakamwambia. "Mtoeni kabla ya mvua," akasema, na mimi nikasema basi watumie mikono, wasitumie winchi. Marwa akajibu kwamba mikono itachukua muda mrefu na radi iko karibu. Akabonyeza kitufe, mota ikaguna, ikaondoka, akaachia. Taa ndogo ikawaka. Pipa lililokatwa nusu likaanza kupanda na Mwita ndani yake.

Tulimsikia kabla hatujamwona. Alikuwa anapiga mluzi, kijana wa watu. Kamba ilikuwa imeviringika karibu nusu ya gogo pale radi ilipopiga huko Kewanja.

Taa ilizimika ikawaka. Hata kope hujazifunga. Lakini gogo lilikuwa limeshasimama, limeshaanza kurudi, na umeme uliporudi niliisikia mota ikipokea. Haikuguna. Iliingia kwenye mwendo laini kabisa, na kamba ikaanza kutoka kwenye gogo, mzunguko kwa mzunguko, kuelekea chini. Mluzi ulinyamaza.

Niliielewa mota ile kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale, na nywele zangu zilisimama. Msiamini mtu anayewaambia kwamba ukijua sababu huogopi.

"Zima!" Nyamhanga alisema. Mtu mwingine alikuwa ameokota nondo, ile waliyozoea kuichomeka kwenye gogo likishasimama, anataka kuichomeka likiwa linakwenda. Marwa akapeleka mkono kwenye swichi.

"Usizime," nikamwambia. "Marwa, ukizima anaanguka. Mota ndiyo inayomshika. Na wewe weka nondo chini, itakatika kamba."

"Mama, inampeleka chini."

"Iache impeleke."

Nilisema hivyo huku mama yake amesimama bega kwa bega na mimi. Aligeuka akanitazama, na mpaka leo sijapata kutazamwa vile tena. Fikirini wenyewe. Wote pale wanaamini marehemu anamvuta mdogo wake, na mimi, niliyeitwa kumtoa, ninasema mwacheni avutwe. Marwa alikuwa na tajiri wake upande mmoja na mwanamke wa nje ya kamba upande mwingine. Mkono wake ulibaki juu ya swichi. Haukushuka.

Nikamshika Bhoke mkono nikamweleza. Kamba imefungwa barabara kwenye gogo. Itaisha yote. Gogo halitasimama, mota itaendelea kulizungusha upande ule ule, na kamba itaanza kujiviringa upya kwa upande wa pili. Atafika chini kabisa, halafu atapanda. "Winchi nayo haijui juu wala chini," nikamwambia. "Itamrudisha yenyewe."

"Chini kabisa kuna maji," Bhoke alisema.

"Najua, mama."

"Wambura yuko huko."

Nikaendelea kuhesabu mizunguko ya kamba.

Mzunguko wa mwisho wa kamba ukatoka. Gogo likabaki tupu, na kamba ikalegea. Ina maana pipa limegusa maji, au limetua juu ya kitu. Gogo likaendelea kuzunguka, likaikamata kamba kwa upande wa pili, ikakaza, na mota ikabadilisha sauti. Nimesikiliza mota maisha yangu yote. Mtu mmoja alipokuwa anapanda mwanzo, ilitoa sauti ya mtu mmoja. Sasa ilikuwa imeelemewa, inavuta kwa taabu, mkanda unateleza kidogo na kunuka. Nilijiambia pipa limechota maji. Bado najiambia hivyo.

Lilipanda pole pole. Kwanza tukaona mkono kwenye ukingo wa pipa, kisha kichwa. Mwita alikuwa amelowa mpaka kiunoni, macho wazi, amejibana upande mmoja wa pipa, magoti kidevuni. Marwa akazima swichi, nondo ikachomekwa, watu wakamvuta mabegani. Pipa halikuwa na maji; lilikuwa limetobolewa matundu kitakoni. Bhoke alikuwa ameshavuka kamba ya vitambaa, na hakuna aliyemkumbusha mwiko. Alimshika mwanawe kifundo cha mkono kwa vidole vyote.

"Umeumia?"

"Hapana, mama."

"Kuna nini huko?"

Mwita aligeuza uso pembeni, asilitazame pipa. Mvua ikaanza matone makubwa. Mtu mmoja, nadhani kwa mazoea tu, akachomoa nondo.

Pipa lilitakiwa kushuka. Swichi imezimwa, breki hakuna, nondo imetoka. Halikushuka. Lilining'inia mdomoni mwa duara, limetulia, halina mtu. Watu waliliangalia, wakarudi nyuma hatua kwa hatua. Bhoke peke yake hakurudi nyuma. Aliliangalia akasema maneno kwa Kikurya, kwa sauti ya mtu anayemwambia mtoto habari za nyumbani. Kikurya changu ni cha sokoni, lakini hayo niliyaelewa.

"Huyu nimemchukua. Wewe nenda ukapumzike, mwanangu."

Ndipo pipa likaanza kushuka. Halikuanguka. Lilishuka kwa mwendo ule ule Marwa alioueleza, mota ikizunguka laini, na taa ndogo juu ya swichi iliyozimwa ikawaka. Swichi ilikuwa kwenye kuzima, niliiona kwa macho yangu. Wanaume wale wanaoshinda ndani ya mwamba walikimbia kwenye mvua. Taa iliwaka muda wote kamba ilipokuwa inatoka, ikawa nyekundu, ikazimika kamba ilipolegea. Marwa hakuwa amekimbia. Nondo ilipotoka alikuwa amekandamiza kitufe cha kapasita kwa hofu, vidole vimekataa kuachia, na ilibidi nivuke kamba nikamfungue kidole kimoja kimoja.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hiki ndicho nilichotaka mkijue. Mota ikizungushwa na mzigo huku kapasita imeunganishwa, inaweza kuzalisha umeme wake yenyewe bila nguzo wala mita. Umeme huo unaishika mota isikimbie, na unaweza kuwasha taa. Baba alinithibitishia jioni ile ile hata kabla sijamaliza kusimulia. Kwa hiyo mkikuta swichi imezimwa, msishike mota inayozunguka, na msishike kapasita mpaka mmeitoa chaji. Sitaki kusikia mmoja wenu amerushwa kwenye magunia ya mahindi.

Nyamhanga aliondoa ile kamba ya vitambaa. Nilifunga mota ya pembeni na breki ya meno, na winchi ile haikurudi nyuma tena. Mwita hakushuka tena duarani. Alichunga ng'ombe wa mama yake, akaoa, na kila nilipokwenda Nyakunguru alinisalimia bila kunitazama usoni sana.

Lakini kabla sijaubadilisha ufungaji wa Marwa, nilitaka kujiridhisha. Jua lilikuwa linawaka, hakuna wingu. Nilipandisha pipa tupu, nikazima swichi, nikabonyeza kitufe cha kapasita kama alivyofanya, nondo ikachomolewa. Pipa tupu lilining'inia tu. Gia ni nzito, pipa tupu halina uzito wa kuzivuta. Hilo lilinifurahisha, maana lilieleza kwa nini siku ile lilitulia. Tukaweka mawe. Likashuka, taa haikuwaka. Tukaongeza mawe, taa ikakataa. Tukaongeza tena, mpaka Marwa mwenyewe akaacha kunitazama. Taa iliwaka pale mawe yalipofikia uzito wa mwanamume mzima.

Bhoke alikuwa amekuja na ndoo yake ya uji. Aliuliza nimepata nini, na sikuweza kumdanganya, nikamwambia. Aliyatazama mawe yale yalivyojaa kwenye pipa, kwa muda mrefu, kama mtu anayepima.

"Basi hajakonda," alisema.